Duka la Hariri katika Nyumba ya Wakfu

Siku Mwanamvua binti Mbaruku alipotoboa ukuta wa sebule ili aweke dirisha la kioo, kaka yake Mohamedi alitoka upande wake wa nyumba, akalitazama lile tundu, kisha akatema mate karibu na miguu ya fundi.

"Ziba," alisema.

Fundi alikuwa Yoramu, Mgogo aliyejifunza useremala misheni, mtu mkimya asiyependa kuingia katika ugomvi wa ndugu. Aliushusha mtaimbo, akamtazama Mwanamvua.

"Endelea, fundi," Mwanamvua alisema. "Aliyekuita ni mimi."

"Nyumba hii ni wakfu," Mohamedi alisema.

"Najua. Nilikuwepo baba alipoiweka wakfu. Wewe ulikuwa Tabora unatafuta mke."

Walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, na tangu utotoni hawakupendana. Mama zao walichukiana katika ua uleule, wakafa wakichukiana, na watoto wakabaki na ile chuki kama watu waliorithi shamba.

Baba yao, marehemu Mbaruku, alikuja na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani, akaupenda mji ule mdogo ulio mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo ambapo sasa ni stesheni ya Gulwe. Akajenga tembe kubwa kwa namna ya Wagogo wenyewe: pande nne, ua katikati, dari ya miti mizito iliyotandazwa fito, nyasi na udongo. Lakini mbele, penye njia, hakuweka mlango wa mabua. Aliweka mlango wa nakshi uliobebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo, miimo yake imechongwa maua ya yungiyungi na minyororo, kizingiti chake cha juu kimeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Watu walikuwa wakiiacha njia ili waje kuutazama tu.

Kabla ya kufa aliita mashahidi. Alisema nyumba ni wakfu: isiuzwe, isigawanywe, isibomolewe. Wanawe wote wakae humo, na sebule iwe ya msafiri asiye na pa kulala. Mohamedi, mwanawe mkubwa wa kiume, ndiye akawa msimamizi.

Halafu Wadachi wakaleta reli. Gari la moshi likapita Gulwe, na misafara ikakatika kama maji ya mtoni wakati wa kiangazi. Hakuna msafiri tena aliyegonga mlango ule. Hata hivyo kila Ijumaa Mohamedi alifagia sebule, akatandika jamvi, akaweka mtungi wa maji kwa wageni wasiokuja. Popo wakanyea jamvi, naye akalikung'uta na kulitandika tena.

Wakati huo ndipo Mwanamvua aliporudi kutoka Dar es Salaam. Mumewe alikuwa amefariki. Alirudi na cherehani, makasha ya vitambaa, na ujuzi wa kushona alioupata kwa kuwashonea wake wa matajiri wa Kihindi na hata bibi wa Kizungu mmoja mwenye kiuno kama cha nyigu. Hakutaka kufungua duka la kaniki na amerikani. Hayo yalikuwapo tele. Alitaka duka la hariri, atlasi, lasi, kanzu za kike zilizotariziwa zari, mahali ambapo mwanamke anaingia, anakaa kitini, anapimwa, anajitazama katika kioo cha kimo chake chote.

"Nani atavaa atlasi katika vumbi hili?" Mohamedi alimwuliza.

"Wake wa askari. Wake wa makarani wa reli. Maharusi. Wewe hujawahi kumtazama mwanamke ukajua anataka nini."

Alitaka sebule kwa sababu ndiyo iliyokuwa na ule mlango. Mohamedi alikataa. Shauri likapelekwa kwa wazee wa msikitini, nao baada ya kunywa kahawa sana wakaamua: kukarabati nyumba ya wakfu ruhusa, kubomoa hapana, na kwa kuwa hakuna wasafiri, sebule itumike na mtoto wa marehemu, mradi akija msafiri apishwe. Wakaenda zao. Hawakusema ukarabati unaishia wapi na ubomoaji unaanzia wapi, na vita vyote vilivyofuata vilipiganiwa hapo.

Yoramu aligonga nguzo za sebule, zikatoa sauti ya mtungi mtupu. Mchwa walikuwa wamezila kutoka ndani. Akakata miti mipya ya mkambala, akaipanga uani ikauke. Asubuhi moja Mwanamvua alipoamka alikuta Mohamedi anaipasua kwa shoka.

"Unafanya nini?"

"Napika wali."

"Hizo ni nguzo za nyumba!"

"Nguzo za nyumba zimo ndani ya nyumba. Alizisimamisha baba yangu."

Alipika wali kwa kuni zile, akaula palepale uani, taratibu, akimtazama dada yake.

Mwanamvua hakulia wala kupiga kelele. Alimwambia Yoramu auzibe kwa mbao mlango wa kutoka uani kuingia sebuleni. Tangu siku hiyo Mohamedi, kila alipotaka kwenda msikitini, ilimbidi apite nyuma kwenye zizi la mbuzi, aibuke njiani na kanzu yenye samadi. Naye akajibu. Alipanda juu ya tembe wakati Mwanamvua amekunjua hariri, akatembea huku na huko kama mtu anayepunga upepo, na kwa kila hatua udongo ukadondoka juu ya vitambaa. Mwanamvua akashona turubai la amerikani, akalitandaza lote chini ya dari, likaukinga udongo. Msikitini Mohamedi akasema dada yake ameleta kafiri kugonga misumari katika wakfu na ameweka kioo pale walipokuwa wakisali wasafiri. Kisimani Mwanamvua akasema kaka yake ni msimamizi wa popo.

Yoramu alikuwa akifanya kazi katikati ya hayo yote. Siku moja alisema, "Bibi, kwetu ndugu wakigombana hivi, mmoja huhama."

"Ahame yeye."

"Naye amesema hivyohivyo."

"Basi ongeza misumari."

Duka lilipofunguliwa lilikuwa zuri kuliko alivyoahidi. Kuta zilipakwa chokaa, nguzo mpya zikapigwa nta zikang'aa. Rafu zilipanda kutoka chini hadi juu, na kila rafu ina rangi yake: huku samawati, kule zambarau, pale nyekundu ya damu ya mzee. Dirisha la kioo lilitazama njia, na nyuma yake ilining'inia kanzu ya atlasi ya kijani yenye zari kifuani. Mlango mkubwa ulipakwa mafuta ya nazi hadi maua yake yakaonekana kama yamechongwa jana. Wanawake walisimama njiani wakajisahau.

Wa kwanza kuingia alikuwa Stara, mke wa shaush, yule mkubwa wa askari wa boma. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti, ambaye neno lake likitoka asubuhi jioni limefika Gulwe. Alikaa kitini, akajitazama katika kioo, akainuka, akageuka, akajitazama mgongo kupitia bega.

"Kumbe nyuma niko hivi," alisema mwishowe. "Nishonee ile ya kijani. Na mke wa karani akija, mwambie imekwisha."

Wakaja wengine kwa sababu Stara alikuja. Kicheko kikawa hakikauki sebuleni, na kicheko hicho kilipenya ukuta kikamfikia Mohamedi juu ya msala wake. Hilo ndilo hakuweza kulivumilia. Angeweza kuvumilia hasara, hata matusi. Lakini wanawake wakicheka pale alipotandika jamvi, na mlango wa baba yake umeachwa wazi mchana kutwa kama mdomo wa mlevi! Akavaa joho lake, akaenda bomani.

Aliporudi alifuatana na Bwana Mkubwa wa Kidachi, askari, na Yahaya, mkalimani. Mwanamvua alitoka na utepe wa kupimia shingoni.

Mohamedi alieleza habari za wakfu. Yule Mdachi alisikiliza nusu, macho yake yakizunguka. Mohamedi akaona maneno yake hayashiki. Akaongeza, "Nyumba hii si nyumba ya hivihivi, Bwana. Itazame. Bara yote hakuna mlango kama huu. Hata pwani siku hizi hawachongi hivi. Na huyu anautia misumari!"

Hapo Mdachi akausogelea mlango. Akavua glavu, akapitisha vidole juu ya yungiyungi. Alirudi nyuma, akatazama juu, akasogea tena. Akasema maneno mengi kwa Kidachi.

"Bwana anasema ni kweli," Yahaya alitafsiri. "Anasema hiki ni kitu cha thamani na watu wa hapa hawajui kukitunza. Kuanzia leo nyumba iko chini ya ulinzi wa serikali. Isigongwe msumari, isipakwe chokaa, asiingie mtu. Atakayegusa atachapwa."

"Vitambaa vyangu vimo ndani," Mwanamvua alisema.

Yahaya alitafsiri. Mdachi alikwisha kugeuka.

Walimtoa Stara aliyekuwa ndani na nguo imebandikwa pini upande mmoja. Wakafunga, wakampa Mohamedi ufunguo, wakaweka askari mwenye bunduki mlangoni. Mohamedi alisimama njiani, mikono nyuma.

"Umejua sasa," alimwambia dada yake. "Wakfu una mwenyewe."

Mwanamvua alimtazama. "Umemwita chui amfukuze paka."

"Chui hali mlango."

Zikapita siku ambazo Mwanamvua alikuwa akichungulia katika kioo cha dirisha lake mwenyewe, akaona vumbi linashuka juu ya atlasi, na njia ya mchwa inapanda polepole katika mguu wa rafu. Alimwomba askari amruhusu aipanguse ile njia tu. Askari alisema amri ni amri. Mohamedi alikuwa akimletea askari yule uji.

Kisha Stara akaja kwa mlango wa nyuma, amejifunika ushungi, anahema kwa kupita zizini.

"Shoga, sikupendi kiasi cha kukuongopea," alisema. "Mume wangu ameambiwa atafute mbao za sanduku. Bwana yule anarudi kwao likizo. Anauchukua mlango. Wana nyumba kubwa huko Ulaya wanamopanga vitu vya watu, waje watu wautazame."

"Mlango gani?"

"Mna mingapi?"

Mwanamvua alikaa na neno hilo mchana kutwa. Jioni alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu arudi: alivuka ua, akasimama mbele ya chumba cha Mohamedi, akasema hodi.

Hakukaribishwa. Akasema papo hapo mlangoni. Alimweleza aliyoyasikia. "Tuung'oe sisi kabla yao," alisema. "Yoramu ana shemeji yake Gulwe mwenye ghala la nyasi. Shaush ni mume wa Stara, ataangalia kando kwa muda. Miimo ikifukiwa chini ya nyasi hakuna atakayeiona. Bwana akiondoka tunairudisha. Lakini ufunguo wa mlango unao wewe."

Mohamedi alicheka kwa pua. "Ukuta umekushinda, sasa wataka mlango wenyewe."

"Mohamedi, nisikilize."

"Utauuza kwa Mhindi Dodoma, uniambie Mdachi ameuchukua. Nakufahamu. Mama yako aliiba pete ya mama yangu akasema imeliwa na kuku."

"Watakuja!"

"Serikali imeulinda. Mimi mwenyewe nimesikia kwa masikio yangu."

Na ili asidanganyike, alikwenda moja kwa moja kwa askari wa zamu, akamwambia awe macho, kwa kuwa dada yake ana njama ya kuung'oa mlango na yule Mgogo wake. Basi Yoramu akaitwa bomani asubuhi yake, akafungwa.

Alitolewa siku walipomhitaji. Walikuja naye na vyombo vyake, askari sita, wapagazi, na Yahaya. Yule Mdachi alibaki juu ya nyumbu wake. Mohamedi aliposikia mitaimbo alitoka akikimbia kupitia zizini, kilemba mkononi.

"Vipi? Kuna nini? Unatengenezwa?"

"Serikali inauweka mahali salama," Yahaya alisema bila kumtazama.

"Hapa ndipo mahali pake! Mwambie! Mwambie ni wakfu!"

"Nimemwambia. Anasema huko hautaliwa na mchwa."

Yoramu alisimama mbele ya kizingiti na patasi mkononi, hasogei. Mgongo wa shati lake ulikuwa umegandamana kwa damu. Alimwangalia Mwanamvua kama mtu anayeomba radhi, kisha akaanza kukwangua udongo pembeni mwa miimo. Alifanya taratibu, asiumize maua.

Mohamedi akalala chali kizingitini. Mtu mzima, msimamizi, joho lake katika vumbi, amejinyoosha huku na huku. "Piteni juu yangu," alisema.

Hawakupita juu yake. Walimburuta kwa miguu, wakamlaza kifudifudi palepale mbele ya dirisha la kioo, na wakampiga kiboko, hamsa ishirini, ile ishirini na tano ambayo kila mtu wa nchi hii anaijua.

Mwanamvua alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Kiboko cha kwanza kiliposhuka, moyo wake uliruka kwa furaha. Hakuukataza. Alikumbuka nguzo zake zikiungua chini ya sufuria, akasema moyoni, mpe. Lakini Mohamedi hakulia. Alikuwa akilitaja jina la baba yao kila kiboko kiliposhuka, "Mbaruku, Mbaruku," kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo, na Mwanamvua naye alikuwa mtoto wa Mbaruku. Furaha ile ikamtoka. Akaanza kuelekea kwa askari mwenye kiboko. Stara, aliyekuwa katika kundi la watu, alimshika mkono akamng'ang'ania.

"Watakulaza karibu naye," alimnong'oneza. "Simama."

Akasimama.

Mlango uliondoka umefungwa kwa turubai la amerikani, lilelile walilolikata kutoka dari ya duka kwa kuwa hawakupata jingine la kutosha. Wapagazi waliubeba kuelekea Gulwe. Askari wa zamu naye akaondoka. Nyumba isiyo na mlango haikuwa na kitu cha serikali cha kulindwa.

Mwanamvua aliingia dukani kwa pengo lile. Nusu ya rafu zilikuwa za mchwa. Hariri ya samawati ilimomonyoka mkononi. Alivyookoa vilikuwa vitambaa vya rafu za juu, kioo, na cherehani.

Jioni alichukua bakuli la samli yenye manjano, akavuka ua. Mohamedi alilala kifudifudi juu ya kitanda cha kamba, nzi juu ya mgongo. Akaliweka bakuli karibu na kichwa chake.

"Ondoa," Mohamedi alisema.

"Paka, au mwambie mkeo akupake."

"Usingetoboa ukuta, asingekuja mtu kuutazama."

"Usingemwita, asingekuja."

"Ulitaka kicheko katika nyumba ya baba. Haya, cheka."

Aliinua mkono kwa taabu, akalisukuma bakuli likamwagika. Mwanamvua aliokota bakuli, akaenda zake. Kila mmoja usiku ule alijua kuwa mwenzake amesema kweli, na ukweli huo haukuwafanya wapatane hata kidogo.

Wazee wa msikitini walikuja kusuluhisha. Mohamedi alisema hataki kukaa jamvi moja na mwanamke yule. Mwanamvua alisema hataki hata hilo jamvi. Wazee walimshauri ahamie Dodoma, karibu na stesheni, ambako biashara ni nzuri zaidi na hana wa kumwudhi.

"Baba alisema wanawe wote wakae humu," aliwajibu. "Mimi nakaa."

Aliagiza mlango mwingine, wa mbao nyepesi wenye vioo juu, ukaja kwa gari la moshi. Yoramu ndiye aliyeufunga, na alipomaliza alikataa kuutazama kutoka njiani kama mafundi wafanyavyo. Duka likafunguliwa tena, dogo zaidi. Stara alikuja kuchukua kanzu yake ya kijani, ikawa imembana kwa sababu ya muda uliopita, akalaumu uzi. Mohamedi alipona, mgongo umebaki na makovu, akaanza tena kupita zizini kwenda msikitini. Alimpita dada yake bila salamu. Naye hakumpa shikamoo.

Mwaka ule mawingu yalikusanyika mapema juu ya milima. Mchana mmoja upepo uligeuka, ukaleta harufu ya udongo wa mbali uliokwisha kulowa. Mwanamvua aliangalia dari ya duka isiyokuwa na turubai, akaona nyufa, akachukua jembe na ndoo ya udongo, akaegemeza ngazi, akapanda juu ya tembe.

Mohamedi alikuwa huko tayari. Alikuwa juu ya sebule hasa, amepiga magoti, anashindilia udongo kwa gogo. Amevua kanzu. Makovu yake yalikuwa wazi, nayo Mwanamvua aliyaona yote kwa mara ya kwanza.

"Usidhani ni kwa ajili yako," Mohamedi alisema bila kugeuka.

"Sijadhani."

Alimwaga ndoo yake katika ufa wa upande wa pili, akaanza kushindilia. Walifanya kazi hivyo, mmoja mashariki mmoja magharibi, matone ya kwanza yakianguka makubwa na ya mbalimbali. Udongo wa Mohamedi ulipokwisha, aliichukua ndoo ya dada yake bila kuomba, akashuka, akairudisha imejaa.

"Kesho natengeneza juu ya baraza," alisema. "Yule Mkristo wako asikanyage upande wangu."

"Atakanyaga," Mwanamvua alisema. "Ndiye anayejua mti upi umeoza."

"Basi nitampiga."

"Utampiga kwa mgongo upi?"

Mohamedi alilishika tena gogo lake. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, na wote wawili wakaongeza kasi ya kushindilia.